Kwako Masijala, Mkwe Wetu wa Dirisha la Malalamiko

Mwaka umetimia, mkwe wangu, tangu utuache, na mpaka leo mlango ukifunguliwa jioni ninatega sikio nikusikie ukiuliza, "Nani amechukua mkasi na hakuurudisha mahali pake?" Hakuna anayeuliza tena. Mkasi umepotea. Tunakata uzi kwa meno.

Jina la Masijala alikupa wifi yako. Ulikuwa bibi harusi mpya hapa nyumbani, bado unatembea kwa aibu, yeye akafungua kabati la vyombo akakuta umebandika vikaratasi: vikombe vya wageni, vikombe vya kila siku, vikombe vilivyokatika mkono. "Jamani, kaka ameoa masijala!" akapiga kelele mpaka majirani wakasikia. Ukacheka. Ukamwambia akae, utamtilia chai kwenye kikombe cha kila siku, maana yeye si mgeni. Tangu hapo hata mumeo, mwanangu wa kumzaa, akakuita Masijala, na wewe ukaitika.

Kazi yako ilikuwa kutunza kumbukumbu katika ile ofisi inayozisimamia ofisi nyingine za serikali. Mtu akionewa huko kwingine anakuja kwenu kulalamika. Lalamiko lake linafunguliwa faili, na faili likishafunguliwa wewe ndiye mlezi wake. Ulijua liko chumba gani, nani amelishika, nani amelikalia. Lakini ukivuka kizingiti cha nyumbani, mdomo umeshonwa. Siku moja wifi yako alikuletea bakuli la karanga, akakusogelea, akakuuliza kwa sauti ya chini kama ni kweli mkubwa wa ofisi ya maji amelalamikiwa.

"Wifi, karanga zimeiva vizuri," ukamjibu.

Akauliza tena.

"Na chumvi imekolea."

Akanyanyua bakuli lake akaondoka nalo.

Ulikuwa ukicheka unajifunika uso kwa kiganja, kama mtu aliyekumbuka amesahau jambo. Ulikuwa ukifua unaimba, na wimbo ulioujua ulikuwa ubeti mmoja tu, basi nguo zote za nyumba hii zimefuliwa kwa ubeti huo. Ulikuwa na mkono mzuri wa kusuka. Mwisho wa wiki watoto wa mtaa walijipanga barazani, na aliyekuja kwanza ndiye aliyesukwa kwanza, hata kama nyuma yake kasimama binti wa mwenye nyumba na mama yake anapiga honi barabarani.

Halafu mimi nikafa.

Wanaosoma wasishtuke, nilikufa kwenye karatasi. Nilikuwa nimeota mtoto wa jicho, macho yote mawili, nikawa naiona dunia kama ninaichungulia kupitia mvuke wa sufuria. Hospitali wakasema nitapasuliwa. Karani wa pale mapokezi akagonga majina yangu kwenye kompyuta, akafuta, akagonga tena.

"Bibi, hapa inaonyesha umefariki."

"Nani?"

"Wewe."

"Basi poleni wafiwa. Sasa hili jicho mtalipasua lini?"

"Hatuwezi kumpasua marehemu, bibi. Mfumo unakataa."

"Na wewe ukinitazama unaonaje?"

"Mimi nakuona mzima kabisa. Lakini mimi si mfumo."

Kumbe kulikuwa na mama mwingine, Mungu amrehemu, majina yake na yangu sawasawa mpaka la babu. Alipofariki, ofisi ya vizazi na vifo ikatia kifo chake kwenye faili langu. Tukaenda huko na mwanangu. Wakasema nilete uthibitisho kwamba ninaishi. Nikawauliza nilete nini tena zaidi ya mimi mwenyewe? Wakasema mimi mwenyewe sina mhuri.

Ndipo kila mtu akaanza: si una mkwe pale malalamiko? Wifi yako ndiye aliyepaza sauti kuliko wote. "Mama, unalala nyumba moja na Masijala, halafu unapofuka? Faili si linavutwa tu kutoka chini linawekwa juu!" Nikakufuata jikoni, nikakueleza. Ukanisikiliza mpaka nikamaliza, ukanishika mkono, ukasema, "Mama, kesho njoo ofisini, dirisha la malalamiko. Wahi, foleni huwa ndefu."

Nikadhani unatania.

Kifunguamimba wako akaniongoza njia. Tukasimama kwenye foleni mpaka miguu ikafa ganzi. Nilipofika dirishani nikaisikia sauti yako, ile ile iliyoniamkia asubuhi.

"Shikamoo mama. Majina yako kamili?"

"Majina yangu leo huyajui?"

"Nayajua, mama, lakini lazima uyataje mwenyewe. Na unaishi wapi?"

"Naishi kwako! Yaani wewe unaishi kwangu! Chumba cha pili kutoka changu, na ukikoroma nakusikia!"

Foleni nzima ikaangua kicheko. Wewe ukaendelea kuandika.

"Lalamiko lako ni nini, mama?"

"Nimekufa."

"Tangu lini?"

Hapo hata wewe ulishindwa. Nilikisikia kiganja chako kikitua usoni. Ulipojikusanya ukagonga mhuri, ukamwita mkubwa wako pale pale mbele yangu, ukamwambia, "Huyu ni mama mkwe wangu. Faili hili mimi nisiliguse tena. Mpe mwingine, na liende kwa zamu yake." Mkubwa akampa yule mwenzako tuliyemwita Kobe, kwa jinsi ulivyotusimulia anavyopanda ngazi.

Nilinuna, mkwe wangu, nikanuna vizuri. Nikaacha kukuita mwanangu, nikakuita Afisa. "Afisa, chai iko mezani." "Afisa, nguo zako zimekauka." Na wewe hukukosa jibu: "Asante, mlalamikaji." Mwanangu alikaa katikati kama mtoto aliyevunja sahani. Akinihurumia mimi, wewe unahamia kwa watoto na mto wako. Akikutetea wewe, mimi sili.

Lakini ulijua kununa kule kulikuwa woga. Macho yalizidi kufunga. Kitindamimba wako alizaliwa wakati ukungu umeshaanza, kwa hiyo nilimjua kwa sauti na kwa harufu ya sabuni tu. Sura yake sikuwahi kuipata sawasawa. Nikakuuliza, "Mjukuu huyu nitamnusa mpaka lini?"

"Mama, mbele yako yuko mtu amefukuzwa kazi bila kosa. Yuko mjane amenyang'anywa nyumba. Nikimruka mmoja wao, akija dirishani nitamtazamaje?"

"Mwambie mama mkwe wako haoni!"

"Ataniambia wanawe hawajala."

Ukainuka. Halafu nikakusikia unafungua makopo. Ukalifunga kopo la chumvi uzi wenye fundo moja, la sukari mafundo mawili, la majani ya chai ukaliacha bila uzi. Ukavuta kamba kutoka kitandani kwangu mpaka mlango wa choo. Ukanishika vidole, ukanipapasisha kopo moja moja, ukanitungia na mtihani.

"Nataka macho, wewe unanipa nyuzi," nikakuambia.

"Nyuzi naruhusiwa, mama."

Na zilifanya kazi, mpaka siku wifi yako alipokuja kusaidia kupika akafungua nyuzi zote, eti uchafu. Tukanywa chai ya chumvi, wageni wamo. Ulifungua uchunguzi hapo hapo, ukawahoji watoto kila mmoja peke yake, na wifi akatoroka kwa mlango wa nyuma kabla zamu yake haijafika.

Kobe alitambaa, lakini alifika. Faili langu likafikiwa, ofisi ya vizazi na vifo ikaamriwa initenganishe na marehemu. Wakagoma. Wakasema mama huyu ana mkwe ndani ya ofisi yenu, amebebwa. Wakubwa wakakaa, faili likakaguliwa ukurasa kwa ukurasa, kila aliyelishika na kila aliyelipokea. Mkono wako ulikuwa siku ile ya dirishani tu, ukimkabidhi mkubwa wako, basi. Na waliokuwa mbele yangu wote walikuwa wamehudumiwa kabla yangu. Wakakosa pa kushika. Ungelivuta faili lile liwe juu, kama tulivyokushauri sisi wenye akili nyingi, mimi ningekuwa marehemu mpaka leo.

Kobe alinipigia simu mwenyewe. "Bibi," akasema, halafu akapumzika. "Hongera. Umefufuka."

Nilipopasuliwa na kitambaa kikaondolewa, mlikuwa mmejipanga mbele ya kitanda kama mnapigwa picha. Nikamtazama kitindamimba, kumbe ana pua yangu, maskini. Nikamtazama wifi yako, nikamwambia amenenepa, akasema afadhali ningebaki vile vile. Mwanangu ameota mvi na hakuna aliyeniambia. Halafu nikafika kwako.

Wote waliokuwa wakikuona kila siku hawakuona kitu. Mimi nilikuwa na sura yako ya zamani, ile ya mviringo, niliyoiweka kabla ukungu haujashuka.

"Mkwe wangu, mashavu umeyaweka faili gani?"

Ukacheka, ukajifunika kwa kiganja, na nikauona mkono wenyewe ulivyobaki mifupa. Sikungoja kupona sawasawa. Wiki hiyo hiyo nikakukokota kwenda kupimwa, kibandiko bado kiko usoni kwangu, watu hawajui nani kati yetu ndiye mgonjwa. Watu walijaa kwenye mabenchi. Nikasimama niwaambie watupishe, wewe ukanivuta gauni.

"Kaa, mama. Kuna watu mbele yetu."

Daktari alisema ugonjwa ulikwishajenga nyumba siku nyingi, ungetibiwa lakini usingehama. Tukakutibu. Muda tuliopewa tuliutumia wote. Nilikuosha, nilikusuka mimi safari hii, na ulilalamika kwamba naenda upande, na kweli nilikuwa naenda upande. Ulilala hapo na dawa zako umezipanga kwa mstari, ukimkaripia mumeo akirudisha chupa ya usiku mahali pa chupa ya asubuhi. Kobe alikuja kukujulia hali. Kikombe kimoja cha chai kilimchukua mchana kutwa, na aliposimama kuaga ukamwambia hakuna haraka. Ulicheka mpaka tukaogopa. Ulimwita kila mtoto peke yake, ukamwambia maneno yake. Mimi uliniambia nisiwadekeze. Nimewadekeza.

Sasa nina lalamiko, Masijala, na kwa kuwa dirisha lako limefungwa nalileta hapa gazetini, watu wote wasikie. Maisha yako yote hukukubali mtu amruke mwenzake. Mtoto wa mwenye nyumba hukumruhusu. Mimi mama mkwe wako, niliyekuwa napofuka, hukuniruhusu. Lakini kwenye foleni hii nilikuwa mbele yako, mbele sana, hata serikali ilikwishanisoma jina. Wewe ulikuwa huko nyuma na wanao. Ukapita pembeni yangu kimya kimya, bila hata kusema samahani mama, ukaingia. Mimi nimebaki nimesimama hapa, na naona kila kitu vizuri.

Unakumbukwa na mumeo, anayelala bado upande wake tu wa kitanda. Unakumbukwa na kifunguamimba wako, aliyeanza kubandika vikaratasi kwenye vikombe bila kuambiwa na mtu, na kitindamimba wako, anayeimba ubeti ule ule mmoja. Unakumbukwa na wifi yako, ambaye amelia mwaka mzima na bado anataka kujua habari za yule mkubwa wa ofisi ya maji. Unakumbukwa na wenzako wa masijala, na Kobe, ambaye salamu zake zimetufikia wakati tangazo hili linakaribia kufungwa. Na mimi mama yako, mwanangu.

Tutakukumbuka daima, wote kwa pamoja, bila foleni.