Nyota Moja kwa Mlinzi wa Lango

Mpendwa mshauri, naomba msaada, na kama utacheka basi cheka kwanza umalize ndipo unijibu, maana hata mimi nimeshacheka peke yangu nikiwa nimeshika pasi, nikaunguza kola ya mtu.

Mimi ni dobi, mjane wa mwaka mmoja na miezi miwili. Marehemu mume wangu alikuwa karani wa hospitali, yule anayekaa dirishani akiita, "Namba arobaini na mbili, dirisha la tatu," na sauti yake ilikuwa nzito hata wagonjwa ambao hawajaitwa walisimama. Siku moja alikuja mgonjwa wa jino ambaye kazi yake ni kutengeneza magemu ya kompyuta, na wakati huo walikuwa wanatengeneza gemu kutokana na filamu moja ya majoka na wachawi iliyopendwa sana, akamsikia mume wangu, akasahau jino, akamwomba awe sauti ya mlinzi wa lango. Walimwandikia aseme, "Pita, ewe shujaa." Yeye akakohoa kidogo, kama alivyokohoa kila jioni kabla hajafungua mlango wetu, akasema, "Pita, ewe shujaa, ila funga lango, upepo unaingia." Hayo ya upepo ni ya nyumbani, mshauri, maana napiga pasi ya mkaa na mlango ukiachwa wazi majivu yanarukia mashati meupe. Wakayaacha hivyo hivyo, na kikohozi wakakiacha.

Gemu lilitoka miezi minne baada ya mazishi. Binti yangu aliliweka kwenye kompyuta yake akanifundisha vitufe viwili, cha kwenda mbele na cha kurudi nyuma, na mimi vinanitosha, nafika langoni, mume wangu anakohoa, anasema maneno yake, narudi nyuma, naenda tena. Binti yangu ananiambia, "Mama, pita basi! Ndani kuna milima, kuna kasri, kuna joka la vichwa saba!" Namjibu, "Lisubiri. Mimi na joka hatuna ahadi."

Shida ni wahakiki. Gazetini, redioni, mtandaoni, wote walilipiga gemu lile kama ngoma, kwamba filamu ilikuwa asali na hili ni makapi, kwamba miti yote ni mti mmoja umerudiwa, kwamba farasi anapita katikati ya ukuta, kwamba mchezaji mmoja alikwenda kunywa chai akarudi akakuta joka limekwama mlangoni mwa pango lake na limekufa lenyewe. Hayo sibishi, farasi nimemwona kwa macho yangu. Lakini mmoja akaandika kwamba mlinzi wa lango "anakohoakohoa na kuongea kama karani wa hospitali anayeita namba, tena analalamikia upepo wakati lango lake halina hata ukuta." Mshauri, niliwaka kuliko pasi.

Kuna mahali mtandaoni ambapo wachezaji huandika maoni yao na kumpa kila mhusika nyota. Niliandika kwa simu yangu sifa za mlinzi wa lango, nikaona maoni ya mtu mmoja hayana uzito, nikachukua daftari langu la wateja, lile ninaloandikia nguo za nani ni zipi, nikaanza kutumia majina yao. Maoni thelathini na moja. Mwalimu mkuu mstaafu, ambaye hata simu hupigiwa na mjukuu, sasa ni muuaji wa majoka. Mkunga wa mtaa wa nyuma ametamka kwamba mlinzi wa lango ndiye mwanamume pekee wa maana humo ndani. Na kila mmoja nilimpa mlinzi nyota moja, kwa sababu mimi niliishia darasa la saba, na darasani kwetu wa kwanza ndiye bora, wa tano ni wa tano.

Wiki iliyopita binti yangu alinisomea tangazo la watengenezaji. Wanaomba radhi, miti itaongezwa, farasi atatengenezwa, na kwa kuwa mlinzi wa lango amepewa nyota chache kuliko wahusika wote, mwisho wa mwezi sauti yake itabadilishwa.

"Nani hawa wamemchukia baba hivi?" akauliza, akaanza kusoma maoni. Kisha akanigeukia. "Mama, mbona wanamsifu halafu wanampa nyota moja? Na mbona wote wanaanza na 'kwa heshima na taadhima'?"

Nikajishughulisha na mkaa.

"Mama!"

"Abee."

"Nyota moja ni tusi. Bora ni tano."

"Tusi vipi? Wewe ulipokuwa wa kwanza darasani si nilikununulia viatu?"

Akaketi sakafuni akacheka mpaka akalia, kisha akawa analia tu, na mimi nikawa naye.

Sasa nikikiri, wateja watajua nimewafanya wapiganaji bila ridhaa yao, na nani atamletea shati lake dobi wa namna hiyo? Nisipokiri, mwisho wa mwezi nitafika langoni nimkute mtu baki ananiita shujaa bila kukohoa. Nimeshamzika mara moja. Nifanyeje?

Dobi Aliyeunguza Kola

MSHAURI ANAJIBU

Dada Dobi, nimecheka, nimemaliza, nimefuta macho. Pole sana kwa msiba, na sasa keti nikuseme.

Umeambiwa nyumba ina moto, ukakimbilia ndoo, ukamwaga mafuta ya taa. Hilo ni kosa la kutokujua, na halina aibu. Kosa lenye aibu ni yale majina thelathini na moja. Uliletewa suruali zifuliwe, hukuletewa watu. Kwa hiyo leo, si kesho, kaa na binti yako mfute maoni yote, moja baada ya jingine. Halafu kila mteja anayekuja kuchukua nguo, mwambie mwenyewe, uso kwa uso. Jina la mtu hurudishwa kama nguo yake: safi, na mwenyewe amesimama mbele yako. Wawili watanuna. Mwalimu mkuu, namdhania, ataomba aonyeshwe joka.

Kisha waandikie watengenezaji barua moja, kwa jina lako, wewe mjane wa mlinzi wa lango. Waeleze nyota zako zilivyokwenda kinyume. Omba mambo mawili: sauti ya zamani ibaki kwa wanaoitaka, na wakupe nakala ya yote aliyorekodi siku ile, pamoja na alipokosea na alipocheka. La kwanza wanaweza kukataa, gemu ni lao. La pili shikilia kama ulivyoshikilia pasi, ila usiunguze mtu.

Na yule mhakiki mwache. Wenzake waliona miti na farasi, wakaenda zao. Yeye alimsikia mtu asiyemjua akisema sentensi moja, akatambua kazi aliyoifanya maisha yake yote. Dada yangu, hakuna aliyemsikiliza mumeo vizuri kuliko huyo, ukijitoa wewe. Hukukasirika kwa sababu amekosea, ulikasirika kwa sababu amepatia.

Mwisho, hicho kitufe cha kurudi nyuma ukipumzishe. Mwanamume wa watu ameshakuambia mara ngapi sijui kwamba upite, na wewe unamsimamia mlangoni kama mdai. Mshike binti yako mkono, mwende mkaone hiyo milima, hata kama miti yote ni mti mmoja. Mwenye lango amekukaribisha. Pita, ewe shujaa, na tafadhali, safari hii ufunge.