Kengele Iliyofika Kwetu

Mjukuu wangu Asha,

Salamu za Wete zikukute mzima. Sisi hatujambo, mamako yuko uani anaanika karafuu. Kusikia umeingia kamati ya kupokea wanafunzi wa shule ya kanisa, nimefurahi mpaka usingizi umeruka.

Unauliza nani atangulizwe. Babangu aliponipeleka shule ya kanisa hapa, alisema waziwazi, "Padri, sisi Waislamu."

Padri akauliza, "Kengele yetu mnaisikia nyumbani?"

"Kila siku. Ikilia ndipo mamake hubandika chai."

"Basi huyu wa hapa." Nikakaa dawati moja na binti wa katekista, mwalimu wao wa dini.

Kesho mwambie mtu aipige kengele yenu, nawe utembee mpaka usiisikie tena. Watoto wa nyumba zote ulizozipita njiani, wa dini yoyote, anzeni na hao.

Bibiyo, Time