Pembeni mwa Shamba la Baba

Kambi ya Kisanga,
20 Aprili 1998

Baba mpendwa,

Shikamoo. Natumaini kile kifua sasa kinakuachia ulale. Mama na Agnesi wasalimie sana. Mimi ni mzima, ila viganja vimekuwa vya mkata mkonge, kama vyako zamani.

Barua yako ya kukataa nimeipata. Umesema njia yetu ya watembeaji haitapita pembeni mwa shamba lako, maana huwezi kumpa mfugaji kama Sironga na ng'ombe wake pa kukanyaga. Bila pembe hiyo, Baba, kijiji chetu cha Rudewa kinaachwa. Watalii wataanzia Kilosa mjini kwenda Mikumi, na kina mama waliojipanga kuwapikia na kuwalaza watabaki wanaangalia.

Sisi tunaojitolea tuko kumi na wanane, wengi tumezaliwa kwenye makambi ya mkonge. Basi tulikata njia kama tujuavyo: kamba, vigingi viwili, moja kwa moja hadi kileleni mwa mlima. Tukajipongeza. Mvua za El Nino zikaja, njia ikawa korongo la kumficha mtu. Sironga ndiye aliyetuokoa. Alisema ng'ombe hapandi mlima kwa kifua, huuzunguka. Akatutembeza siku tatu kwenye mapito ya mifugo, nasi tukachimba humo humo na kupanga mawe. Masika yamepiga, njia haijameguka. Najisifu bila aibu.

Sasa kaa chini, Baba. Mwaka ule mahindi yako yalipoliwa, uliapa barazani kwamba Sironga alivunja uzio makusudi, akatozwa mtamba, ukapewa wewe. Uzio niliutoboa mimi. Nilichoka kuzunguka nikienda kisimani, nikakata miba nipenye, nikasahau kuziba. Nilikusikia ukiapa, nikanyamaza miaka minne. Imeniuma kila Sironga aliponikaribisha maziwa.

Juzi nilimwambia. Akauliza kama wewe unajua. Nikasema bado. Akasema nianze kwako.

Jumamosi nakuja, na Jumatatu nitasimama barazani niseme mwenyewe. Usinisemee. Mtamba yule ameshazaa ndama wawili, na wote watatu ni wa Sironga. Kuhusu njia, shamba ni lako, amua. Ila ng'ombe hao nitawaswaga mimi, na nitawapitisha pembeni mwa mahindi yako, kwa kuwa ndiko karibu na kwake. Ukipenda, tembea nami.

Wape wote salamu, hata jogoo wa Mama anayenichukia.

Ni mimi mwanao,
Doris Theodory