Mailo ya Mbele

Kafutuma, 3 Novemba 2024

Yaya yangu Ruffin,

Salamu nyingi, kaka yangu mkubwa, kutoka huku kituo cha afya. Hujambo wewe na baiskeli zako za kutengeneza? Mchumba wako Princesse hajambo? Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika kwa kulala sakafuni kando ya kitanda cha mama. Simu yangu ilitumbukia ndani ya ndoo, ndiyo maana nakuandikia kama watu wa zamani. Goodson wa minibus atakuletea.

Wiki iliyopita sikuwa na moyo wa kuandika. Mama alikuwa anaweka dawa ya kifua chini ya ulimi, nikigeuka anaitema. Muuguzi aliniambia waziwazi kwamba akiendelea hivyo hatutakuwa naye Krismasi. Nililia mbele ya mama, naye akasema, "Uniache tu, mutoto yangu. Nimechoka kungoya."

Unajua anamngoja nani. Tangu mtumbwi wetu ulipopinduka ziwani mwaka 2017 tukikimbia vita Congo, tukafika kambi ya Kenani huku Zambia bila mdogo wetu Méschac, kila muuza samaki anaulizwa: hamjamwona mtoto mwenye kovu la moto shingoni?

Sasa sikia. Leo asubuhi Agness, yule Mzambia anayetuletea samaki, aliingia wodini akihema. Unajua Kiswahili chake, kinatosha kuuzia samaki tu. Akamwambia mama, "Mayo! Ule Méschac wa kovu ku shingo! Kuya mailo, na bwato, ku Nchelenge!"

Yaya, mama aliposikia mtoto anakuja na mtumbwi, aliketi! Neno mailo analijua vizuri, maana kule kambini kila alipouliza chakula kitagawiwa lini alijibiwa mailo, yaani kesho. Alimeza dawa mbele ya muuguzi, akafungua kinywa kumwonyesha. Halafu akataka nimsuke, eti Méschac asimkute na kichwa cha mgonjwa. Nilimsuka palepale kitandani.

Tafadhali, shinda pale mitumbwi inaposhukia. Ukimpata usimwachie hata nafasi ya kunawa uso, mlete.

Mimi mdogo wako,
Yolande


Nchelenge, 6 Novemba 2024

Mdogo wangu Yolande,

Nimepata barua yako, na Goodson amenisimulia yote njiani kabla sijaifungua, maana mama ameshamwambia kila mtu. Huku tuko wazima. Princesse anakusalimia, anashona gauni la harusi yetu ya Pasaka na hataki nilione.

Keti chini kabla ya kuendelea kusoma. Nimeshinda bandarini, Méschac hakufika. Nikamtafuta Agness, nikamuuliza mtoto yuko wapi. Alicheka kwanza, halafu akaona uso wangu.

Yolande, kwa Kibemba mailo ni kesho, na mailo hiyohiyo ni jana. Kinachoonyesha ni ipi ni wakati wa kitendo, na Agness kwa Kiswahili ana "kuya" moja tu, ya alikuja na ya atakuja. Alitaka kusema Méschac alikuja jana. Alishusha samaki wakavu, akapakia chumvi, akarudi ng'ambo siku ileile. Agness alisikia wenzake wakimwita jina lake na akaona kovu.

Lakini yu hai! Nimerudia neno hilo peke yangu barabarani mpaka watu wakanitazama. Wanasema anakaa kambi ya wavuvi karibu na Kilwa, upande wa Congo.

Sasa nakuomba, usimsahihishe mama. Ameshika mailo ya mbele, mwache aishike. Jumatatu navuka na wachuuzi kwenda kumchukua. Najua utasema nini: mkimbizi akirudi alikokimbia bila ruhusa, karatasi yake ya hapa inaweza kufutwa. Nimefikiria hilo. Nimefikiria pia mama akijua kwamba alikuwa anangoja jana.

Yaya wako,
Ruffin


Kafutuma, 9 Novemba 2024

Yaya Ruffin,

Salamu. Sisi hatujambo, na mama ni hajambo ya kweli, amekula bwali, ugali wa huku, na samaki, akaomba tena.

Nilitaka kukukataza, nikaandika, nikachana. Kila asubuhi ananiuliza. Nimemwambia ziwa lina upepo, mitumbwi imezuiwa. Jana akasema, "Mailo ya Bazambia ni murefu, hein!" Wodi nzima ilicheka, nami nikatoka nje kulia nyuma ya jiko.

Nenda basi. Lakini ninaogopa, yaya, siwezi kukuficha. Mwezi wa kumi na mbili uvuvi unafungwa na mitumbwi ya kuvuka itakuwa ya kutafuta. Usitupatie mtoto mmoja ukatupotezea mwingine. Nenda, urudi.

Mdogo wako anayekupenda,
Yolande


Ng'ambo ya Nchelenge, 28 Novemba 2024

Mdogo wangu Yolande,

Nakusalimia kutoka upande tuliotoka. Mimi ni mzima. Mama anameza dawa? Natumaini anameza.

Anayekupa barua hii mkononi, mtazame shingo.

Umeshamaliza kupiga kelele? Sasa soma polepole, na mwache yeye aingie kwa mama.

Siku ya ajali alitolewa majini na mvuvi mmoja, mzee Zacharia. Alimlisha, akamvalisha, akamfundisha kazi. Kwa miaka hii yote Méschac aliamini sisi tumezama, na mzee ndiye alikuwa baba na mama yake. Nilipomkuta aliniangalia kama mzuka, kisha akanikumbatia tukaanguka wote kwenye matope.

Nikamwambia twende. Akakataa. Tuligombana siku nyingi, karibu nimpige. Zacharia hatembei tena, na macho yamekwisha. Lazima abebwe, aoshwe, alishwe. Mke na watoto wake wamezikwa hapa, na kuvuka hataki hata kusikia. Méschac akaniuliza, "Yaya, nikienda, nani atamupeleka inje asubui? Yee aliniokota. Namna gani nimutupe?"

Nilimchukia yule mzee kwa siku mbili. Siku ya tatu Méschac alikuwa majini, mzee akaita, nikambeba mimi. Ni mwepesi sana. Akanishika shingo, akatafuta kovu kwa vidole, hakulikuta. Akasema, "Weye ni kaka yake. Basi ni kweli, mama yenu eko muzima." Akaanza kulia kwa furaha ya mama yetu, ambaye hamjui.

Huyu mtu alitutunzia mtoto. Mama anamhitaji Méschac ili aishi, na Zacharia anahitaji mikono. Mikono ninayo. Nimebaki.

Jumapili uvuvi unafungwa. Karatasi yangu sijui itakuwaje, na mzee anaweza kuishi miaka, Mungu ampe. Mwambie Princesse asifunge maisha yake kwa ajili yangu. Hilo ndilo linaloniuma, sitakudanganya. Mwambie gauni nililiona, nilichungulia dirishani. Ni zuri.

Yaya wako,
Ruffin


Kafutuma, 16 Machi 2025

Yaya yangu Ruffin,

Uvuvi umefunguliwa, nimepata mchuuzi wa kunipelekea hii. Hujambo? Mzee Zacharia anaendeleaje? Méschac anasema mzee hapendi samaki mwenye pilipili na ni lazima umwimbie anapooga. Imba, hata na sauti yako hiyo.

Méschac alipofika, mama alikuwa anaanika nguo uani. Alimwona getini, hakukimbia wala hakulia. Alisema tu, "Umechelewa kula." Akamshika shingo, na usiku akalala na mkono wake pale. Sasa amenenepa, anatembea mpaka barabarani, na dawa imebaki kidogo amalize.

Princesse anakuja kila Jumapili. Ulichomwambia nilimwambia. Aliomba tu shati lako la kazi; hulifua, na kila akija nalo linanukia sabuni.

Mama tulimweleza yote, pamoja na mailo. Nilidhani ataanguka. Alichukua ndoo, akafua hata nguo safi. Jioni ikaja saa ya dawa, akaweka kidonge kiganjani, akakiangalia. Nilikumbuka siku za kutema.

Akamuuliza Méschac, "Ruffin atakuya lini?"

Méschac kakulia kwa wavuvi, Kibemba kinamtoka kabla ya Kiswahili. Alijibu bila kufikiri, "Mailo, mama."

Tuliangaliana wote watatu. Mama akamuuliza, "Ya nyuma, ao ya mbele?"

"Ya mbele."

"Basi," akasema, "munipatie mayi."

Na akameza.

Mdogo wako anayekungoja,
Yolande