Msemaji wa Ijja

Rabat, 2 Machi 2015

Shangazi mpendwa,

Salamu nyingi. Magoti yanasemaje na baridi hii? Mimi mzima, ila mkate wa mjini bado haujanizoea.

Ofisi imenituma kukagua vituo vinavyopokea wanawake waliopigwa huko milimani kwetu, nione kama vinamhudumia kila mwanamke: asiyeona, asiyesikia, asiyetembea, asiyejua Kiarabu. Naanza na kituo cha hapo sokoni kwenu wiki ijayo. Kwa bahati mbaya sitapata nafasi ya kupanda hadi Tasaft. Je, unamjua mwanamke aliyewahi kwenda pale? Nijibu kwa lori la soko.

Mara nyingi nakumbuka tulivyokuwa tukichambua sufu jikoni kwako, nawe ukitusomea kwa sauti hadi chai inapoa.

Mtoto wa kaka yako,
Tuda


Tasaft, 19 Machi 2015

Mwanangu Tuda,

Barua yako imechelewa. Theluji ilifunga njia na lori likakwama bondeni wiki mbili. Magoti yanalalamika kama kawaida yao.

Namjua mmoja. Unamkumbuka Ijja, mfumaji mazulia, asiyesikia tangu kuzaliwa? Lugha yake ya mikono ilitungwa na bibi yake, nasi tukajifunzia palepale kwenye sufu: mtindi, theluji, mume, mwongo. Haimo katika kitabu chochote cha serikali.

Januari mumewe, Bassu, alimvunja mkono. Ijja alipanda lori peke yake hadi kituoni, akajieleza kwa mkono mmoja. Karani, binti mpole wa huku huku, hakumwelewa, akaagiza aitwe mtu wa nyumbani kwake. Aliyepatikana sokoni ni Haddu, muuza vitunguu, ndugu yake Bassu. Naye akatafsiri, "Anasema ameanguka ngazini." Nyumba yao haina ngazi hata moja. Karani akaandika, Ijja akarudi alikotoka.

Sasa anaishi kwangu. Nikueleze kidogo, maana nyinyi hamkuyaona haya. Zamani mwanamke aliyekimbia kipigo aliingia nyumba yoyote, akashika mpini wa jiwe la kusagia shayiri, na kuanzia hapo mwenye nyumba alikuwa mlinzi wake. Nikiwa mdogo, alfajiri nikisikia mama anasaga huku sauti mbili zikiimba, nilijua tuna mgeni. Nilipokuwa mwalimu kijana ndimi niliyewaambia wanawake hayo yamepitwa na wakati, waende serikalini. Jiwe la mama nikalitupa uani. Ijja alilishikia huko, katikati ya kuku.

Bassu alikuja kumchukua, akacheka. "Mwalimu, hilo jiwe hata kuku hawaliogopi."

Nikamwambia, "Kuku wangu wana adabu, Bassu. Hawajamvunja mtu mkono."

Akaondoka. Lakini Ijja anataka talaka, na anataka binti yake abaki naye. Shauri ni tarehe 28 Aprili. Hakimu atasoma kitabu cha kituo, na humo mmeandikwa ngazi.

Shangazi yako,
Yezza


Rabat, 2 Aprili 2015

Shangazi,

Natumaini hujambo. Mimi nina hali mbaya, na si ya kuugua.

Barua yako imenikuta nimeshamaliza. Nilifika kituoni tarehe 10. Wakanionyesha kitabu: "Kiziwi mmoja, Januari. Mkalimani alipatikana." Jina lilikuwa limefunikwa, ndiyo taratibu. Nilifurahi sana. Nilikipa kituo alama zote, nikaandika ukurasa mzima wa kukisifu. Kumbe ni Ijja. Nimemtumia kuthibitisha kwamba mambo ni mazuri.

Nilimwomba mkuu wangu aiondoe ripoti. Akasema, "Imeshafika kwa wafadhili. Unataka niwaambie mkaguzi wangu hakuuliza mkalimani ni nani?"

Nikasema, "Ndiyo. Hivyo hivyo."

Ameniondoa kwenye ukaguzi. Lakini ametia saini barua ya kukitaka kituo kimsikilize Ijja upya kabla ya shauri. Natumaini wewe utamsemea. Mimi nimejaribu kukumbuka mikono yake, nimebaki na mtindi tu.

Tuda


Tasaft, 25 Aprili 2015

Mwanangu,

Amani iwe nawe, na pole kwa kazi. Barua ya ofisi yenu ilifika, na jana karani alifungua ukurasa mpya.

Nilikuwa nimejiandaa. Nilipiga pasi koti langu la kufundishia. Mlangoni pa kituo Ijja akanigusa bega, akanionyesha benchi la nje. Nikadhani anayahurumia magoti yangu. Akanieleza polepole, kama mtu anayemfundisha mtoto: wewe unaongeza ya kwako.

Kisha akamwita Rqiya, mchunga mbuzi, aliyechambua sufu nasi miaka yote ile karibu bila kutamka neno. Rqiya akanipita akisema, "Kaa tu, mwalimu. Leo shule imefungwa."

Nilikaa saa tatu. Nilikuwa na maneno mazuri tayari: sheria, desturi, hata habari za bibi yake. Hakuna aliyeyahitaji. Walipotoka, karani alikuwa amejaza kurasa nne na macho yake ni mekundu, na Ijja ameweka dole gumba kwenye kila ukurasa. Hizo ndizo hakimu atakazosoma. Sijui zinasema nini, na sikuuliza.

Wakikurudisha kwenye ukaguzi, ongeza swali moja: mwanamke mwenyewe aliulizwa anamtaka nani amsemee? Mimi sikumwuliza, nami nimekaa naye nyumba moja tangu Januari.

Siku ya shauri Rqiya atasimama naye mahakamani. Mimi nitabaki huku kuchunga mbuzi wake. Ameniambia wawili ni wakorofi, nisijaribu kuwaelimisha.

Shangazi yako,
Yezza