Tawi la Mama

Durban, Jumatatu

Dada Hlengiwe,

Watoto hawajambo. Blanketi ulilotuma limefika, ila Mama hakuwahi kujifunika.

Jana nilikwenda na tawi la mti, la kubebea roho, hospitali alikofia, niilete roho yake hapa kwenye fleti. Unajua mwenye tawi akimjibu mtu njiani, marehemu anabaki hapohapo. Sifiso, aliyepaswa kunisemea, alikwama Umlazi. Jumapili hakuna basi la kuja mtaa huu, ambao zamani walikaa wazungu watupu.

Getini pa fleti mlinzi mpya akauliza, "Mzee, unaenda kwa nani?"

Nikanyamaza. Nyuma yangu honi ikalia. Alikuwa Bi Ferreira wa ghorofa ya juu, yule ambaye Mama alimpikia supu alipougua.

"Huyo simjui," akasema. "Mtoe, nina haraka."

Mlinzi akanivuta, tawi likaanza kuvunjika.

"Niache!" nikapiga kelele. "Naishi hapa!"

Mlinzi akafungua geti, tena akaomba radhi. Tawi nimeliweka kitandani kwa Mama, na watu wanaliimbia.

Ukija mazikoni, dada, ukifika getini msalimie Mama kwanza. Hakuingia.

Ni mimi mdogo wako,
Bhekumuzi