Nilimwahidi Jini Mtu Asiye Wangu

Abla Tahani mpendwa,

Naomba unisaidie kama unavyowasaidia wengine gazetini, na naomba kwanza usicheke, au ukicheka ucheke kidogo kisha uendelee kusoma, kwa sababu jambo lenyewe linaanzia kwenye mchezo lakini mimi silali vizuri wala chakula hakipiti, na mama yangu ameanza kunitazama kama mtu anayeficha mchumba.

Mimi ni msichana wa mtaa wa Shubra, nafundisha hesabu shule ya msingi, na kila Ijumaa baada ya chakula cha mchana mimi na wenzangu tunakutana sebuleni kwa jirani yetu Hazem kucheza mchezo wa hadithi, yaani tunakaa mezani, Hazem ndiye msimulizi, anatuambia tuko wapi na mbele yetu kuna nini, na sisi wengine kila mmoja ana mhusika wake anayemsemea na kumwamulia, kisha tunarusha dadu kujua kama alilojaribu limefaulu au limemshinda, na hadithi hiyo moja tumekwenda nayo kwa miaka hadi tunaijua kuliko mtaa wetu. Mhusika wangu anaitwa Zahwa, ni mganga, na uwezo wake wote ameupata kwa jini anayeitwa Malkia wa Kisima, huyo ndiye mlezi wake, anampa nguvu naye anamtumikia, na sauti ya Malkia anaitoa Hazem, ambaye akivua miwani na kuinamisha kichwa sisi wote tunajua kwamba huyo si Hazem tena.

Tulikuwa na rafiki yetu Abanoub, Mungu aipumzishe roho yake, ndiye aliyetukutanisha wote, na mhusika wake alikuwa Wardan, askari mwenye ngao kubwa, anayeogopa paka na anayeimba vibaya kabla ya kila vita, kwa sauti nzito ya kukwaruza ambayo Abanoub aliitoa mpaka akakohoa. Abanoub alifariki kwa ajali ya gari, na baada ya arubaini mdogo wake Kirolos, ambaye hakuwahi kucheza hata mara moja, alikuja kwa Hazem akaketi kwenye kiti cha kaka yake akasema, "Nataka kuwa Wardan," na alipoanza kumsemea ikatoka sauti ileile ya kukwaruza, mwenzetu Radwa akakimbilia jikoni akajifanya anapasha chai.

Haukupita muda Wardan akaumizwa vibaya darajani, Kirolos akarusha dadu ikamkataa, akarusha tena ikamkataa, na sheria zinasema ikikukataa mara ya tatu mhusika wako amekufa, hakuna kumrudisha, nikaona uso wa Kirolos umekuwa kama chokaa, basi mimi sikufikiri hata kidogo, nikapiga kelele, "Namwita Malkia!"

Hazem akavua miwani. "Nitamrudisha," akasema. "Lakini siku nitakayomtaka, utamleta kwangu wewe mwenyewe, mpaka mdomoni mwa kisima. Unaapa?"

"Naapa," nikasema, na watu wakapiga makofi, Kirolos akanishika mkono asiuachie, nami nikajiona shujaa, nikasahau.

Sasa Malkia amemtaka, Abla. Ijumaa iliyopita Hazem alivua miwani katikati ya mambo mengine kabisa akasema, "Zahwa, niletee Wardan," na meza nzima ikanyamaza, ila Radwa, ambaye hanyamazi hata kanisani kwenye harusi za watu.

"Hazem, una akili wewe? Huyo ni Wardan!"

"Najua ni nani," Hazem akajibu. "Lakini aliapa mbele yetu sote. Nikikifuta kiapo leo, basi kila tulichofanya mezani hapa ni upuuzi."

Radwa akanigeukia mimi. "Mdanganye bwana! Mvalishe mtu mwingine kofia ya chuma, mpeleke. Jini gani huyu anafuliwa soksi na mama yake?"

Hakuna aliyecheka. Kirolos akasema bila kuinua macho, "Fanya unavyoona, Inji. Ni mchezo tu," akachukua koti lake akaondoka, hata keki ya basbousa hakuigusa, na tangu hapo ukimwandikia anajibu kwa alama ya kidole gumba tu. Halafu mama yao, Tanti Marsil, akanikuta sokoni akanivuta pembeni akaniambia, "Binti yangu, Ijumaa ndiyo siku pekee mwanangu anarudi nyumbani anacheka. Nakuomba msimnyang'anye hiyo," na mimi nilishindwa hata kumwambia kwamba ni mimi.

Nikivunja kiapo, Zahwa anapokonywa nguvu zote na mji tulioulinda miaka yote unabaki bila ulinzi, na nikikitimiza ninamzika Abanoub mara ya pili mbele ya mdogo wake, na Radwa anasema anajua mahali pa kupata dadu za kudanganyia, na mimi nafikiria kumwomba Hazem kwa siri asahau, na mara nyingine nafikiria niache kabisa kwenda, niseme nina kazi nyingi. Nifanye nini?

Inji, Shubra

*

Inji mwanangu,

Sijacheka. Nilipofika kwenye neno jini, nakiri nilitaka kukuelekeza kwa watu wa dua, lakini nikaendelea, na nilipomaliza kahawa yangu ilikuwa imepoa. Aliyekuambia ni mchezo tu aliondoka bila kugusa basbousa, kwa hiyo hata yeye mwenyewe haamini.

Pole kwa kumpoteza rafiki. Nimeona kwamba katika barua yote hiyo ndefu hukusema neno hata moja kuhusu majonzi yako wewe. Kulia umemwachia Kirolos, wewe umejipa kazi ya ulinzi. Na hapo ndipo ninapoanza kukugombeza.

Uliapa kwa kisicho chako. Ungeweza kutoa nguvu za Zahwa, sauti yake, nywele zake, uzee wake wote, chochote kilicho chake. Ukatoa mtu! Na mwenye mtu huyo alikuwa ameketi mbele yako, ana masikio na ana mdomo, hukumuuliza. Ulikuwa na haraka na ulikuwa na huruma, nakubali. Lakini haraka ile imekwisha zamani, na mpaka leo bado hujamuuliza. Wewe umeongea na mama yake. Radwa ameongea na wewe. Hazem ameongea na sheria zake. Wote mnambeba Kirolos kama trei ya mayai, na yeye ni mtu mzima aliyekuja kwa miguu yake akavuta kiti akasema anachotaka. Kwa nini mnadhani siku hizi hajui anachotaka?

Dadu za kudanganyia sitaki kuzisikia. Mwambie Radwa nimesema aone haya. Ukimlaghai jini umemlaghai Hazem, na Hazem ni rafiki yako. Kuacha kwenda nako usikufikirie. Meza hiyo imeshapungukiwa na mtu mmoja, wewe unataka kuwaongezea nafasi ya pili.

Na kuna kitu kimenishangaza kuliko vyote. Umeandika kurasa na kurasa, lakini hujasema Malkia anamtaka Wardan kwa kazi gani. Umejiambia ni kumuua. Nani kakwambia? Mlezi akikudai ahadi yake bado unaweza kuzungumza naye, na huyu wenu kwa bahati njema anavaa miwani na anaishi mtaa mmoja nawe. Miaka yote hiyo unamtumikia hujawahi kumuuliza swali?

Basi nisikilize. Ukimaliza kusoma hapa, kunja gazeti, vaa viatu, nenda kwa Kirolos. Usimpigie simu, usimwandikie. Mwambie, "Niliahidi kisicho changu bila kukuuliza, nisamehe," halafu funga mdomo. Najua walimu hamwezi, lakini funga. Atakalosema ndilo litakalofuatwa, ulipende usilipende, na habari za mama yake mwachie yeye mwenyewe. Kisha nendeni wawili kwa Hazem kabla ya Ijumaa mkamuulize hilo swali. Usimwombe afute kiapo; kijana aliyeshika neno lenu miaka yote hiyo anastahili heshima. Na siku ya siku, simama mbele ya Malkia wako ukiri kosa kwa kinywa chako, na adhabu ikija iwe ya Zahwa peke yake. Akipokonywa nguvu, apokonywe. Mganga asiye na nguvu bado ana miguu na ana akili, na ninyi mna hadithi ya kuendeleza.

Nenda leo, siyo kesho.

Tahani

*

Wasomaji wangu, Inji ameniandikia tena. Barua yake naiweka hapa bila kuikata, maana wengi wenu mlikuwa mnaniuliza.

Abla Tahani,

Nilikwenda siku ileile. Kirolos anafanya kazi katika duka la dawa la mjomba wake, nikamkuta anapanga chupa za dawa ya kikohozi. Nikasema maneno uliyonipa, nikafunga mdomo, na naapa ilikuwa ngumu kuliko kufundisha darasa zima kugawanya. Yeye aliendelea kupanga mpaka rafu ikajaa.

"Unajua kila Jumamosi koo linaniuma?" akasema mwishowe. "Ile sauti. Inanikwangua."

Nikamsogezea chupa nyingine.

"Nilianza kwa sababu nilikuwa naisahau, Inji. Sauti ya kaka yangu. Nikasema nikiitoa mwenyewe haitapotea. Sasa nimechoka kuwa yeye, na naogopa kuacha. Malkia alipomtaka Wardan nilifurahi. Unanielewa? Nilifurahi, halafu nikaona aibu nimefurahi, ndiyo maana niliondoka."

"Kwa hiyo unataka aende?"

"Nataka aende. Ila asipelekwe kama mbuzi. Aende mwenyewe."

Nikamwambia na mimi namkumbuka Abanoub, kwamba huwa nataka kumpigia simu nikiona paka, na sote wawili tukalia pale pale kwenye dawa za kikohozi, mpaka mteja akaingia kutaka dawa ya kichwa, akatutazama, akatupa pole ya msiba, akaondoka bila dawa.

Jioni tukaenda kwa Hazem. Kirolos ndiye aliyeuliza. "Malkia anamtaka Wardan wa nini?"

Hazem akavua miwani, na mara hii ilikuwa ya kuifuta tu. "Anataka mlinzi wa lango. Chini ya kisima kuna mji wa watu waliopotea njia, hawana wa kuwalinda. Huko dadu haifiki. Tangu ile siku ya daraja nilikuwa natafuta mahali pa kumweka ambapo hawezi kufa. Mkanipigia kelele mkaondoka, hakuna hata mmoja aliyeniuliza."

"Na wewe mbona hukusema?"

"Ningelia," Hazem akasema. "Msimulizi analiaje?"

Ijumaa tukakaa mezani wote. Zahwa alimfikisha Wardan mdomoni mwa kisima, nikasema mbele ya Malkia kwamba niliapa kwa mtu asiye wangu na sina haki ya kumkabidhi kwa yeyote. Malkia akachukua nguvu zangu zote, moja baada ya nyingine, akazitaja kwa majina, na nilihisi kila moja inatoka. Radwa akanishika goti chini ya meza.

Ndipo Kirolos akasimama. Akasema kwa ile sauti ya kukwaruza, "Malkia, hakuna aliyenileta. Nimekuja," akaimba ule wimbo wa kabla ya vita, vibaya kabisa kama ilivyo desturi, mpaka mwisho wake, na Wardan akashuka kisimani na ngao yake mgongoni. Hatukurusha dadu. Hazem alijaribu kusimulia jinsi lango lilivyofunguka akashindwa katikati ya sentensi, na msimulizi akalia kama sisi wengine, na hakuna aliyemwona mjinga.

Radwa akaleta chai, tukanywa. Kisha Kirolos akakohoa, akajifuta uso, akavuta kiti karibu na meza, akasema kwa sauti yake mwenyewe, nyembamba kidogo, sauti ambayo mezani pale hakuna aliyewahi kumsikia mhusika yeyote akiitumia:

"Hazem, nianzishie mtu mpya. Nataka mpishi. Mwanamke, mgomvi, ana chungu kikubwa na hamwogopi mfalme."

"Umeniiga mimi!" Radwa akadakia.

"Wewe hujui kupika."

Hazem alikuwa ameshashika kalamu. "Anaitwa nani?"

"Bado," Kirolos akasema. "Mwache kwanza aingie mlangoni."